Ombi la Kusitishiwa Ukwe Saa za Kazi

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Uhamiaji,
Pemba, Cabo Delgado.

Mheshimiwa,

Natumai barua hii itakukuta umekwisha kunywa chai, maana ni ndefu kidogo na malalamiko hayasomeki vizuri kwa mwenye njaa. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kireno changu ni cha kuuzia mikate, hakijafika mahali pa kulalamikia. Nimeambiwa hapo kwenu hakosekani mtu wa pwani wa kukusomea.

Mimi ni Saquina Amisse, mjane, mkazi wa Palma, mwenye padaria ndogo ya kuoka mikate nyuma ya soko. Nina mtoto mmoja wa kike, Zuleica, aliyeolewa na kijana wa Mtwara. Jina la kijana huyo liko kwenye pasipoti, ukurasa wenye picha. Naomba ulisome mwenyewe, kwa kuwa ni mkwe wangu na mimi silitaji.

Mkwe alikuja huku kuoka mikate katika jiko la kampuni moja iliyokuwa ikiwalisha wafanyakazi wa gesi. Kampuni ile ikafunga virago, na kwa vile kibali chake cha kazi kilikuwa kwa jina la kampuni, kibali nacho kikafa. Akaambiwa, kwa adabu kabisa, atafute mwajiri mpya wa kumdhamini aombe viza upya, la sivyo arudi kwao ng'ambo ya Ruvuma. Alizunguka Palma nzima. Wenye kazi hawakuwa na karatasi, na wenye karatasi hawakuwa na kazi. Zuleica, ambaye alikuwa ananyonyesha, akaanza kukunja nguo za mtoto na kuzipanga kwenye sanduku, huku akihakikisha kwamba ninaona.

Nikasema basi, nitamdhamini mimi. Tanuri ninalo, leseni ninayo, kodi nalipa. Nikatia saini kila mahali palipohitaji saini. Viza yenyewe bado tunaisubiri, lakini ruhusa ya kufanya kazi wakati wa kusubiri tulipewa, na kuanzia siku hiyo nyumba yangu haijapata utulivu. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kuhusu kuhojiwa pamoja. Mheshimiwa, kwetu mama mkwe na mkwe mwanamume hawatazamani. Akipita njia hii, mimi nashika ile. Akitaka kuingia uani anakohoa kwanza, nipate kujisitiri. Hatuli sinia moja na hatusemezani ila kwa kupitia mtu. Ndivyo heshima ilivyo, na nimeishi nayo vizuri tangu siku ya harusi. Sasa ofisi yako ya hapa ikatuita, mwajiri na mfanyakazi, tukaketishwa benchi moja. Mimi nikageukia ukutani, yeye akageukia dirishani. Bwana Silvestre aliyetuhoji ni mtu mwema, ametoka kusini, hajazoea mambo yetu. Alitutazama, akafunga mlango, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, kuna mtu amekulazimisha kumwajiri huyu bwana?" Nikauambia ukuta kwamba hapana, nimempenda mwenyewe. Alivyoandika jibu hilo sijui, lakini aliandika kwa muda mrefu.

2. Kuhusu kutoa maagizo. Mkataba unasema mwajiri atamwelekeza mfanyakazi kila siku. Mimi namwelekeza kupitia Zuleica. Tatizo ni kwamba Zuleica alikuwa mke kabla hajawa mjumbe. Nikisema, "Mwambie aanze kukanda mapema," mkwe anafikiwa na, "Mama amesema usijichoshe." Nikisema kuni zimekwisha, anaambiwa nimeuliza hali ya mgongo wake.

Jambo lililoniumiza zaidi ni la mikate kuungua. Nilimtuma Zuleica akaseme mikate imekuwa myeusi kama sufuria. Yeye, kwa kumwonea mumewe huruma, akaenda kusema mama ameipenda rangi. Mkwe wangu ni mtu wa kutii. Kesho yake akaichoma zaidi ili kunifurahisha. Nikatuma tena ujumbe wenye maneno makali, na ujumbe ukafika kule ukiwa shukrani. Tukaendelea hivyo mpaka watu wa soko wakadhani ni aina mpya ya mkate, wakaanza kuuagiza. Leo hii wateja wanakuja wakiuliza kama upo ule mkate wa Mtwara, ule mweusi. Nimelazimika kuuza kitu nilichokikataza.

3. Kuhusu kukohoa. Kibanda cha tanuri kina mlango mmoja. Mkwe akitaka kuingia anakohoa, mimi natoka. Mimi nikitaka kuingia nagonga sinia, yeye anatoka. Asubuhi ya kazi nyingi anakohoa muda wote na mimi nagonga muda wote, na katikati yake hakuna anayegeuza mikate. Majirani wakasikia kikohozi kisichokwisha, wakapeleka habari. Mhudumu wa afya wa mtaa wetu, Lénia, akaja na vikopo vya kupimia makohozi, akatupatia nyumba nzima mpaka na mimi. Nikamweleza kwamba ile si maradhi, ni heshima. Akanijibu, "Mama Saquina, toa makohozi." Nikatoa. Majibu yamekuja, sote ni wazima, alhamdulillahi, lakini wateja wengine walikuwa wamekwisha kuhamia kwa mwoka mikate wa upande wa pili.

4. Kuhusu ukaguzi. Alikuja Dona Zélia wa mambo ya kazi, mama mmoja nadhifu sana, akitaka kumwona patroa, yaani mwajiri, na mfanyakazi wake wakiwa kazini. Akamwita mkwe kwa jina lake, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeita mtu. Mimi nilipolisikia jina hilo likitajwa uani kwangu nikajifunika leso mpaka usoni. Mkwe akakohoa, nikatoka. Dona Zélia akanifuata nje, mkwe naye kwa adabu akatoka ili anipishe nirudi ndani, Dona Zélia akarudi ndani kumtafuta yeye. Tulizunguka kibanda kile, Mheshimiwa, watu watatu wazima, na mmoja wao ana mkoba. Mwisho akaketi kwenye gunia la unga, akasema amekagua mashamba na viwanda lakini hajapata kuona sehemu ya kazi ambayo patroa anamkimbia mfanyakazi.

5. Kuhusu likizo. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Mkwe aliandika ombi rasmi, "Kwa Mwajiri," akilipeleka kupitia mkewe, kwamba anaomba likizo yake akamsalimie mama yake Mtwara, na kwamba atakwenda na familia. Familia hiyo ni mwanangu na mjukuu wangu. Nikiwa mwajiri, nina haki ya kukataa, kwa sababu ni msimu wa harusi na mikate inahitajika. Nikiwa mama mkwe, kumkataza mtu asimwone mama yake ni aibu ambayo haitanitoka. Nikiwa bibi, sitaki mtoto yule avuke mto kabla hajajua kutembea. Nikakaa na karatasi ile nisijue nani kati ya hao watatu anayetakiwa kutia saini.

Nikaijibu kwa maandishi, nikakataa. Zuleica akaja na mtoto mgongoni, akasimama mbele yangu akauliza, "Aliyekataa ni mama au ni patroa? Kama ni patroa, nataka kuongea na mama. Kama ni mama, basi patroa amsaidie." Nikamwambia aniletee maji. Kesho yake mkwe akafanya kama mkwe yeyote mwenye malalamiko anavyofanya, akaenda kwa wazee. Shemeji yangu Cassimo, baba mdogo wa Zuleica, akaja na wenzake wawili wakaketi barazani, wakasuluhisha habari za likizo ya mwaka kama wanavyosuluhisha ugomvi wa mahari. Wakala mikate, wakaagiza tuvumiliane, wakaenda zao. Katika mkataba wako, Mheshimiwa, hakuna mahali palipoandikwa baba mdogo.

Kwa hayo yote, ninaleta kwako maombi yafuatayo, na ninaomba uyachukue kwa mpangilio nilioupanga.

Kwanza, naomba Serikali isitishe ukwe wetu saa za kazi. Kuanzia tanuri linapowashwa mpaka mikate inapokwisha, kijana yule asiwe mkwe wangu, awe mgeni kutoka nchi jirani mwenye viza, ambaye naweza kumtazama, kumwita na kumgombeza kama wenye padaria wengine wanavyogombeza. Mikate ikiisha, ukwe urudi wenyewe. Muhuri wako mmoja tu unatosha.

Ikiwa hilo haliko ndani ya uwezo wa ofisi yako, basi ombi la pili ni talaka ya saa za kazi. Mwanangu aachike asubuhi na kurejewa alasiri, bila eda na bila mahari mpya, kila siku isipokuwa Ijumaa. Nimekwisha kulipeleka jambo hili kwa Shehe Carimo ili nisije nikakuletea kitu kisichofaa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema katika dini hakuna talaka ya zamu, akanishauri nirudi nyumbani nikajilaze. Lakini shehe anasimamia dini, na wewe unasimamia viza, kwa hiyo nimeona nikuulize na wewe.

Na ikiwa hayo mawili yote hayawezekani, ninalo la tatu, ambalo naamini ni jema kwa mkoa mzima. Wewe Mheshimiwa kwa umri wako bila shaka una mkwe, na bila shaka naye unashindwa kumwambia ukweli. Basi tubadilishane. Mimi nimdhamini wa kwako, wewe umdhamini wa kwangu. Wa kwako akiunguza mkate nitamwambia pale pale bila haya, na wa kwangu akichelewa ofisini utamkaripia upendavyo, wala mimi sitauliza. Likienda vizuri kwetu, lipelekwe Mocímboa, lipelekwe Mbau, mpaka kila mtu katika Cabo Delgado awe anafanya kazi kwa mkwe wa mtu mwingine. Nadhani kazi zingekwenda haraka sana.

Likishindikana na hilo, basi naomba jina langu lifutwe kwenye ombi la viza, na mkwe atafutiwe mwajiri mwingine yeyote, awe mtu, kampuni au Serikali yenyewe. Sichagui. Mradi asiwe yule aliyemzalia mke.

Nisalimie Bwana Silvestre na umwambie sina kinyongo na ukuta wake. Wasalimie makarani wote, yule wa mlangoni anayewapanga watu, na huyo anayekusomea barua hii, ambaye naomba asicheke mpaka aimalize. Wa nyumbani kwako wote nao, hasa mkwe.

Mimi niliye chini ya sheria zako,
Saquina Amisse
Mwenye padaria na mwenye mkwe, Palma.

Tanbihi: Barua hii nilikwisha kuifunga, ikawa inangoja mtu wa kuipeleka, ndipo akaja bwana mmoja aitwaye Latifo. Anatafuta watu wa jikoni kwa kampuni iliyoingia karibuni. Alikuwa amekula ule mkate mweusi sokoni, akauliza mwenye mkono huo ni nani, akaelekezwa kwangu. Yuko tayari kumdhamini mkwe, kumpa chumba na kumruhusu kwenda Mtwara kila mwaka. Yaani kila nililokuomba wewe, yeye alikuwa nalo mkobani.

Mkwe alimsikiliza pale uani. Kisha akamjibu, "Mimi nina mwajiri. Muulize yeye kwanza." Wakaja wote wawili mpaka mlangoni pa kibanda. Mkwe akakohoa. Nilitakiwa nitoke, Mheshimiwa, leso nilikuwa nimekwisha kuishika. Miguu haikutoka. Nikamtazama mkwe wangu usoni kwa mara ya kwanza, na nikaona ni mtu aliyechoka, mwenye unga kwenye nyusi, na ananiogopa kuliko ninavyomwogopa.

Nikamwambia, "Baba, unataka kwenda kwa huyu bwana? Sema mwenyewe, usimtume Zuleica."

Akasema, "Mama, kule nitaoka mikate ya watu nisiowajua. Sitaki. Ila na wewe ukitaka kunigombeza, nigombeze mwenyewe, maana maneno ya Zuleica ni matamu mno na sijui nakosea wapi."

Basi nikamgombeza. Nilianza na kuni nikamaliza na hamira, yote niliyokuwa nimeyaweka, mpaka Bwana Latifo akaaga bila kunywa chai. Mkwe alisikiliza, akasema ndiyo mama, akageuza mikate. Zuleica alikuwa nyuma ya mlango analia. Nilipomuuliza kisa, akasema yeye sasa hana kazi.

Kwa hiyo maombi yangu yote, la kwanza mpaka la mwisho, nayafuta, pamoja na lile la kubadilishana, kama ulikuwa umeanza kulifurahia. Viza itoke kwa jina langu, na mwajiri ni mimi. Zile picha ndogo ndogo tulizoambatisha kwenye ombi la viza zibaki, maana mpiga picha alitusumbua sana.

Likizo nimeitia saini. Nimeona mtoto asivuke mto bila bibi yake, kwa hiyo nafunga padaria kidogo, tunakwenda wote Mtwara kumsalimia mama yake. Nakuomba sasa unieleze ni karatasi gani nitahitaji mimi. Wanasema pale mpakani mgeni huulizwa anakwenda kwa nani na nani anamdhamini. Anayenidhamini huko ni mkwe. Tuliketi jana tukijadili, ana kwa ana, atakapoulizwa huyu mama ni nani wake aseme nini, kwa sababu akisema ni patroa wake watamtaka aonyeshe mkataba, na akisema ni mkwe wake watashangaa mbona tunaongea.