Stensili Tatu na Amri ya 27

Jumatatu, 12 Juni 1989
Nimenyoosha mkono mbele ya shule nzima. Mimi, Dzifa, ambaye hata jina langu hulitaja kwa kunong'ona! Nimesema kompyuta inaweza kuchapa ratiba ya siku ya zawadi. Mwalimu Mkuu akajibu kwamba zimebaki stensili tatu tu, zile karatasi za nta za kudurufia. Nikiziharibu zote, chumba cha kompyuta kitakuwa stoo ya viazi vikuu, na ufunguo nitaurudisha. Ufunguo wangu! Chumbani humo ndimo ninamosoma bila kuchekwa. Senyo, bingwa wa taipureta, akauliza tangu lini hilo likuku langu linalokwaruza, yaani printa, limejua kuandika.

Jumanne, 13 Juni
Nimetoa utepe wa wino ili pini za printa zitoboe nta ya stensili. Zimeitekenya tu. Mashine ya kudurufu imetoa karatasi zenye ukungu mtupu. Stensili ya kwanza, kwaheri.
Nimesoma kitabu cha printa mara mbili. Kumbe uzito wa maandishi unaamriwa! Unatuma namba 27, kisha herufi. Kwa E, kila nukta inagongwa mara mbili, bega kwa bega. Kwa G, mstari mzima unapigwa upya.

Jumatano, 14 Juni
Nimetuma amri zote mbili, kwa usalama. Sauti tamu, kama mvua juu ya mabati! Kisha nikainua stensili ya pili. Matumbo ya o, a na e yakadondoka mezani kama chawa. Jina la Togbe, chifu wetu na mgeni rasmi, limetoka madoa matupu. Senyo akauliza kama hii ni ratiba au tetekuwanga.
Imebaki moja.

Alhamisi, 15 Juni
Majaribio kwenye karatasi ya kawaida, utepe ukiwa ndani. E peke yake inatosha. Nina hakika! Senyo amechungulia dirishani, akauliza viazi avipange upande gani.

Ijumaa, 16 Juni
Mwalimu Mkuu alisimama mgongoni kwangu. Nikataka kumwonyesha ninavyojua, nikamchapia mstari mmoja wa G kwenye karatasi ya kawaida. Akaguna kwa kuridhika. Nikatoa utepe, nikaweka stensili ya mwisho, nikatuma E. Kichwa cha printa kikapita. Kikapita tena palepale.
G! Printa haisahau amri mpaka uitumie 27 na @, au uizime. Sikufanya lolote.
Nikaizima ilipofika mstari wa nne. Mwalimu Mkuu akanyoosha kiganja: ufunguo.
Senyo akaja mbio na rangi ya kucha ya Madamu Afeafa, karani wetu. Akasema Togbe hatatiwa aibu kwa sababu yangu, na nisipumulie kazi yake. Akaziba matundu moja moja, akaipuliza ikakauka, akaitia stensili kwenye taipureta, akachapa yote. Mwalimu Mkuu akaniachia ufunguo hadi kesho.

Jumamosi, 17 Juni
Ratiba mia tatu, safi! Togbe akainua yake juu, akaisifu kompyuta. Makofi. Senyo akanitazama. Nilitaka kusimama niseme ukweli. Nilitaka kabisa.
Lakini Mwalimu Mkuu akauliza nani atachapa mitihani ya muhula. Mkono ukapanda wenyewe.
Mpango ninao tayari: E na G pamoja, stensili mbili mpya zikipandana. Ukurasa wa @ katika kitabu cha printa sitauhitaji. Nimeutumia kufungia karanga.