Kanuni Kumi na Mbili za Ulimi Safi Uwanjani Hepwell

Jumatatu, 4 Machi

Nimeteuliwa! Ofisa wa Ulimi Safi wa Klabu ya Soka ya Hepwell. Kura saba kwa sifuri. Gordon Haigh, mwenyekiti wetu, anasema hakukuwa na mgombea mwingine. Wivu tu.

Kazi imekuja hivi. Ligi inataka kila klabu iwe mahali pa familia, na sisi tumepokea barua tatu za akina mama wanaolalamikia matusi. Moja haina jina. Haikuhitaji. Mwandiko wa binti yangu Rosalind naujua tangu alipoanza kushika kalamu.

Kisa chake ni Effie, mjukuu wangu, miaka minane. Kila Jumamosi tukicheza nyumbani anaianza mechi nami karibu na kibanda cha chai. Tangu Doreen wangu afariki, hiyo ndiyo siku pekee ninayonyoa ndevu kwa hiari. Sasa inasemekana mtoto aliuliza maana ya neno fulani mbele ya wakwe, kwenye keki ya siku ya kuzaliwa. Rosalind amesema Effie akirudi nyumbani na neno jingine jipya, Jumamosi zake zitakuwa za kujifunza kuogelea.

Kuogelea! Ilhali mvua ya Hepwell inatosha.

Adui namjua. Duggie Crabtree, fundi bomba, mpiga ngoma, kiongozi wa wale wanaume mia na hamsini wanaojiita Kwaya. Tulisoma darasa moja. Tukiwa na miaka kumi na mmoja alininyang'anya ugolikipa. Nimekwisha kusahau, na wala halihusiani na jambo hili.

Jumatano, 6 Machi

Kanuni kumi na mbili tayari. Usiku kucha sikulala.

Nimegawa matusi madaraja matatu. Daraja la tatu: kuyatilia shaka macho ya refa. Onyo. Daraja la pili: kumwingiza mama yake. Nusu mechi nje. Daraja la kwanza: maneno ambayo hata shajara hii haiyapokei. Mechi mbili nje ya geti, bila rufaa. Gordon alishauri rufaa iwepo. Nilikataa katakata. Haki yenye mlango wa nyuma si haki.

Mabango nimebandika getini, kwenye kibanda cha chai, na manne chooni. Jioni nikasikia Duggie amesomea watu kanuni zote kilabuni, akipiga ngoma kila moja ilipoisha. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Wacheke. Hata waliotangulia kuvaa viatu walichekwa.

Bi Enid Lumb wa kibanda cha chai aliniuliza kama kanuni zinanihusu na mimi. Nikamwambia zinamhusu kila mtu, mimi wa kwanza. Akasema nyani haoni kundule. Nilimwandikia onyo la daraja la tatu papo hapo. Nimepewa chai baridi.

Jumamosi, 9 Machi

Tofi!

Wazo lilinijia nikikoga. Kinywa kilichojaa hakitukani. Nikatoa daftari la mapishi la Doreen, nikapika trei nne za tofi nyeusi. Daftari linasema uchemshe dakika ishirini. Mimi nilichemsha arobaini, ili kuwa na uhakika.

Nikagawa getini. Hata Duggie alichukua vipande vitatu, akasema Cyril leo kafanya jambo la maana. Mechi ikaanza. Kimya! Robo saa nzima ulikuwa unasikia bata wa mfereji. Mia na hamsini wanatafuna, taya zimeshikana, macho yamewatoka. Effie akaniuliza nani amekufa.

Kosa dogo: wachezaji wetu hawajazoea kimya. Beki wa kulia alikuja kurusha mpira, akaniuliza kwa huzuni kama tumemkasirikia. Wapinzani wetu, Otterby, wakafunga dakika ya ishirini. Kwaya ikajaribu kuwatia moyo vijana, ikatoa mlio wa ng'ombe aliyekwama topeni.

Halafu Mzee Wilf. Ana miaka themanini na minne, amepiga kinanda kanisani nusu karne, sijawahi kumsikia akisema hata "jamani". Alijaribu kufungua mdomo. Meno yake ya bandia ya juu yalibaki kwenye tofi, tofi ikamponyoka, ikavuka kamba ya uwanja. Mshika kibendera akaikanyaga.

Mzee Wilf akasema. Daraja la kwanza, mara nne. Hana meno, lakini hakuna aliyeuliza amesema nini. Effie alikuwa ameinua uso kama mtoto anayesikiliza hadithi.

Tumefungwa tatu bila. Duggie, alipopata tena matumizi ya taya, alitaka Mzee Wilf afungiwe mechi mbili kama kanuni inavyosema. Nikatoa uamuzi kuwa neno lisilo na meno si neno kamili. Akaniita mpendeleaji. Nimeandika.

Jumapili, 10 Machi

Rosalind amepiga simu saa mbili asubuhi. Effie alikuwa anakula mayai, akauliza alichosema Mzee Wilf, kwa sauti na kwa usahihi. Nikajitetea kwamba ile ilikuwa dharura ya kitabibu. Hakucheka.

"Baba, sitaki ugomvi na wewe," akasema. "Nakupa mechi moja ya nyumbani. Nitakuja mwenyewe, nisikie kwa masikio yangu. Ikishindikana, basi."

Nikasema sawa. Nilipokata simu nilikaa kwenye ngazi muda mrefu. Nyumba hii ni kubwa sana kwa mtu mmoja. Niseme kweli, niliogopa.

Halafu nikachukua rula na penseli. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Alhamisi, 21 Machi

Nimegundua kosa langu. Nilikuwa natibu ndimi, kumbe dawa ni kutenga masikio!

Tazama. Kwaya hukaa upande wa Kiwandani, chini ya paa la bati, nyuma ya goli tunaloshambulia. Upande wa Mfereji, nyuma ya goli la pili, hakuna mtu. Kati yao kuna uwanja mzima. Basi huko Mferejini nimejenga Kona ya Familia: nguzo kumi na mbili, kamba, vibendera vya rangi, na bango la mbao nililochora kwa mkono. MATUSI MWISHO HAPA.

Gordon alikuja kuangalia ramani yangu. Akajikuna, akaanza kusema sijui nini kuhusu mapumziko. Nikamwambia nimekuwa nikija uwanja huu miaka arobaini na mmoja, sihitaji kuelekezwa. Akasema sawa Cyril, akamaliza chai yake, akaenda.

Effie alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa akinitazama nikipigilia. Nyundo ikakosa msumari, ikapata kidole gumba. Nilisema jambo. Effie akauliza maana yake. Nikamwambia ni jina la kitaalamu la kidole kilichovimba. Mtoto ana kiu ya elimu, Mungu ambariki.

Jumamosi, 23 Machi

Naandika huku kidole gumba kimefungwa bendeji.

Kipindi cha kwanza kilikuwa peponi. Familia arobaini ndani ya kamba yangu! Watoto wanapuliza mapovu ya sabuni. Rosalind amekuja, mara ya kwanza tangu Effie azaliwe, amevaa skafu ya mama yake. Alikula pai na mchuzi, mchuzi ukamchuruzika mkononi, akacheka. Wafumaji, ndio sisi, tukaongoza moja bila. Huko mbali Kwaya ikinguruma, lakini hukuweza kutofautisha tusi na wimbo wa kanisani. Rosalind akaniegemea begani, akasema huenda alinihukumu haraka. Nikamwambia nimekwisha kumsamehe.

Kipenga cha mapumziko. Duggie akaning'iniza ngoma shingoni.

Na hapo, Mungu wangu, nikakumbuka.

Hepwell tunahama. Mapumziko yakifika, timu zinabadilishana magoli, nasi tunaifuata yetu. Kila mtu anazunguka uwanja na kikombe chake, aende asimame nyuma ya goli tutakaloshambulia. Hakuna aliyewahi kuamuru. Baba zetu walifanya hivyo, na baba zao. Mimi mwenyewe nimehama kila mechi kwa miaka arobaini na mmoja, siku hizi Effie nikimshika mkono. Lakini nilipokaa na rula nilichora uwanja kana kwamba mechi ina kipindi kimoja!

Wakaja. Mia na hamsini, wanaimba, kumwelekea mjukuu wangu.

Nilisimama kwenye kamba, nikatanua mikono. Nikatangaza kwamba chini ya kanuni ya nne hakuna atakayepita. Duggie akasimama mbele yangu. Hakuwa na hasira hata kidogo, jambo lililoniudhi zaidi.

"Cyril bwana, sogea. Tunashambulia upande huu sasa."

"Utapita juu ya maiti yangu."

"Babako alipita hapa. Babangu alipita hapa. Na wewe ulipita hapa na mtoto huyu wiki mbili zilizopita, mkila chipsi."

Kweli tupu, lakini sikusogea. Akainua kamba kwa vidole viwili, taratibu. Kamba ikavuta nguzo, nguzo ikaachia bango, bango likatua kwenye kidole gumba. Kile kile.

Nikasema. Sikumbuki yote. Bi Enid anasema alisikia hadi kibandani, birika likichemka. Refa alitoka chumbani akidhani watu wanapigana. Kwa hesabu ya Duggie, maneno saba ya daraja la kwanza, mawili kati yake mapya kwa Mzee Wilf, ambaye aliomba niyarudie.

Nilipomaliza, niligeuka kumtazama mjukuu wangu. Effie alikuwa amesimama katikati ya mapovu ya sabuni, na Duggie Crabtree alikuwa amemziba masikio kwa viganja vyake viwili. Duggie!

Tukashinda mbili moja. Kwaya, ikibanana na watoto wale, iliimba kipindi kizima bila tusi hata moja. Mabango yangu yameanza kufanya kazi.

Jumanne, 26 Machi

Kamati imekaa. Gordon alinisomea kanuni ya sita, mwandiko wangu mwenyewe. Mechi mbili nje ya geti.

Nilijitetea kwa dakika hamsini. Kwanza, nilikuwa kazini. Pili, nilishambuliwa na bango. Tatu, nilikuwa nataja maneno hayo kama mifano ya maneno yasiyotakiwa, maana watu watayaepukaje wasipoyajua? Kura sita kwa moja. Nikaomba rufaa. Gordon akasema, kwa upole, hakuna rufaa. Mimi ndiye mtu wa kwanza kufungiwa katika historia ya kanuni hizi. Historia itanitendea haki.

Rosalind akapiga jioni. Effie haendi kuogelea! Nikaruka. Akasema subiri. Effie ameomba kuendelea na mpira, na kile kipindi cha pili Kwaya walijichunga wenyewe, basi atakuwa anamleta yeye. Duggie na mkewe wamesema watasimama nao. Adhabu yangu ikiisha nitakaribishwa kusimama nao pia, nikiwa nimeurekebisha ulimi.

"Maneno yote, Baba, tangu la kwanza kabisa, Effie aliyatoa kwako."

Nikadai ushahidi. Alikuwa nao. Maneno saba, kila moja na tarehe yake na mahali: gari lilipozima, chupa ya maziwa ilipoanguka, penalti ya Novemba. Nilikumbuka kila siku aliyoitaja. La Mzee Wilf lilikuwa la nane, nalo halinihusu.

Nilimwambia amepotoshwa na Duggie. Akaniambia usiku mwema, Baba, nakupenda. Iliniuma. Sijui kilichouma zaidi, tarehe zile au hilo la mwisho.

Jumamosi, 6 Aprili

Mechi ya kwanza ya kifungo. Kanuni ya sita inasema nje ya geti. Haisemi chochote kuhusu juu ya ukuta. Nimeegemeza ngazi upande wa mfereji, nina mwavuli, nimenyoa ndevu.

Ninawaona vizuri. Rosalind na skafu ya mama yake. Effie amepewa ngoma, anapiga vibaya na kwa nguvu, na wanaume wazima wanaimba wakifuata mapigo yake. Aliponiona alinipungia. Nikampungia, nusura nizame mferejini. Nilitaka sana kuwa pale. Sina haja ya kuficha, nililia kidogo, na haikuwa mvua.

Bi Enid amenipitishia chai juu ya ukuta. Anasema Gordon amesema barua fupi ya kuomba radhi ingefuta mechi iliyobaki. Mistari miwili tu. Wote wanataka nirudi, hata Duggie. Nikatoa karatasi, nikaiweka juu ya ngazi, nikaandika "Ndugu wanakamati, najua kwamba mimi". Nilikuwa nimedhamiria. Naapa.

Dakika ya themanini na moja, mshambuliaji wetu akaangushwa ndani ya boksi. Mchana kweupe! Refa akasema endeleeni.

Nikamwambia refa maoni yangu. Kutoka juu sauti inafika mbali sana. Kona yote ya Familia iligeuka. Gordon akatoa daftari. Na Effie akaweka chini vijiti vya ngoma, akaziba masikio yake mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, akasubiri nimalize.

Mechi mbili zimeongezwa.

Ile barua nimeimalizia papa hapa ngazini, karatasi isipotee bure. Inasema: Ndugu wanakamati, najua kwamba mimi ndiye niliyeandika kanuni kumi na mbili, hivyo ninayo haki ya kuandika ya kumi na tatu. Tusi lililotamkwa kutoka juu ya ngazi, nje ya uwanja, penalti ikiwa halali, si tusi. Naomba ianze kutumika tangu saa tisa alasiri ya leo.