Nyota Tano za Kushukia Bondeni

Jumatatu, 9 Juni 2025

Baridi. Upepo umeingia mpaka kwenye unga. Mwanangu Coleta kalala mgongoni, pua yake inanipuliza shingoni. Nimeamua. Gari letu litakuwa la nyota tano.

Nimeona kwenye simu. Huko ng'ambo kuna watu kazi yao ni kugongesha magari mapya ukutani. Makusudi kabisa. Ndani wanaketisha masanamu, hata sanamu la mtoto lipo. Wakishagonga wanaangalia nani kaumia wapi, ndipo wanaligawia gari nyota. Tano, ulale. Moja, usali. Gari linakunjika polepole kama kitenge, na kile kisanamu cha mtoto kinainama kidogo tu, kama kinasinzia. Nilitazama mpaka chaji ikaisha. Machozi yalinitoka.

Jumapili tunashuka bondeni, Muze, kwa mama yangu. Hajamwona mjukuu wake tangu azaliwe. Nikizifikiria zile kona za mteremko, namkaza Coleta mgongoni. Kwa dalali Felisian, Kizwite, yapo magari mawili. Jekundu, refu, lina nyota mbili. La bluu, tano. Mume wangu Nestory anachagua Alhamisi. Anataka jekundu. Dada yake kasema jekundu, na dada akisema, nyumba hii imesikia.

Jumanne, 10 Juni

Dada mwenyewe kaja kunywa chai. Wifi Getruda. Anaendesha gari lake kusambaza unga Katandala, basi akiingia anashika funguo mkononi kama rozari.

Nikamweleza habari za nyota, taratibu, kwa heshima. Akacheka mpaka chai ikamwagika.

"Wifi yangu, bondeni hatushuki kwa nyota. Tunashuka kwa breki."

Nestory naye akacheka. Hilo sitalisahau.

Kisha wifi akaitazama ile video kwenye simu yangu. Akauliza kama nimeona mikanda. Mikanda gani? Akasema yale masanamu yote yamefungwa, na kile kitoto kina kiti chake, nacho kimefungwa. Ukimpakata mtoto, akasema, hizo nyota hazimjui.

Mimi sikuangalia mikanda. Niliangalia uso.

Wivu tu. Gari lake halina hata nyota moja, lina kutu.

Jioni niliota nikiwa macho. Gari la bluu linateremka kwenye ukungu bila kelele, bonde limelala chini, ziwa la Rukwa jeupe kama shuka iliyoanikwa. Mama kasimama mlangoni. Nilipozinduka ugali ulikuwa umeungua.

Jumatano, 11 Juni

Mpango umekamilika. Kama watu hawaamini simu, wataamini macho yao. Nitalijaribu jekundu mbele ya Nestory, na atakayepanda badala ya mtoto ni boga.

Nilitafuta shambani boga la uzito wa Coleta. Lakini mikono ya mama haipimi sawasawa, kila boga inaliona jepesi kuliko mwanawe. Ikabidi niende nalo kliniki. Nimelivalisha sweta la Coleta na kofia ya pinki, limefungwa kwa kanga, Coleta mgongoni, boga kifuani. Mama mmoja kwenye foleni akanipisha. Akasema pole, mapacha kazi.

Nesi Dominika akafunua kanga.

"Mama Coleta. Huyu ni nani?"

Nikasema ni mgeni tu, apimwe. Nesi akaniangalia muda mrefu. Akalitundika kwenye mizani. Foleni nzima ikasimama kuona. Uzito uleule wa Coleta, kasoro kidogo tu. Nesi akalipongeza boga kwa kukua vizuri, akaniambia nisiliachishe ziwa mapema. Nimecheka nao, kwa nje.

Alhamisi, 12 Juni

Siku ya ukweli. Tulikwenda kwa Felisian. Mwenye gari jekundu alikuwepo, mzee mmoja mnyamavu, kofia mkononi. Nestory akamwamkia shikamoo, mimi pia. Wifi Getruda naye kaja, eti kusikiliza injini.

Nikaomba tulijaribu barabara ya Milanzi. Coleta nikamwachia wifi, boga nikaliweka kiti cha nyuma, katikati, na sweta lake, nami nikakaa kando yake. Nestory akauliza kwa upole kwa nini tunasafiri na boga. Nikasema ataona. Nikamwambia Felisian akimbize, kisha akanyage breki kama ameona ng'ombe.

Akakimbiza. Akakanyaga.

Boga liliruka. Sijawahi kuona boga lenye haraka vile. Lilipita kati ya Nestory na Felisian, likapasukia kwenye redio. Mbegu kila mahali. Kofia ya pinki ikabaki inaning'inia kwenye kioo. Mimi niliyeshikilia kiti cha mbele nikaita Coleta, maana kwa sekunde moja halikuwa boga.

Tuliporudi wifi akachungulia ndani, akachomoa mbegu kwenye tundu la redio. Hakucheka. Akasema mnaona, lingefungwa mkanda lingekuwa limekaa palepale. Nikamjibu kwa heshima kwamba gari la nyota tano haliwezi kumrusha mtu hivyo. Akaangalia juu, kule kwenye nyota zake za mbinguni.

Mzee mwenye gari alizunguka mara moja. Akavaa kofia. Akasema gari lake hawauzii watu wa maboga. Tukalisafisha, tukaomba radhi, naye akaondoka nalo.

Likabaki la bluu. Nestory kalinunua. Ushindi! Nimelibusu boneti. Lilikuwa la baridi, na zuri sana.

Jumamosi, 14 Juni

Sikuandika jana. Nilikuwa nashona.

Gari la nyota tano haliwezi kukaa uchi. Nimetoa vitambaa vyangu vyote vya makochi, vile nilivyofuma wakati wa mimba ya Coleta, vyeupe na maua ya pinki pembeni. Nimevivalisha viti vyote, mbele na nyuma, nikavikaza kwa uzi wa gunia visiteleze. Mikanda ilikuwa inasumbua. Myeusi, inakatiza ua katikati. Nimeilaza chini, nikashonea juu yake. Sasa ndani kama sebule siku ya Krismasi. Nimeketi humo na Coleta mapajani, jua linapita kwenye kioo, tukasinzia wote wawili. Niliota anaendesha yeye.

Jumapili, 15 Juni

Naandika nikiwa Muze, kwa mama. Joto zuri la bondeni. Coleta yuko mikononi mwa bibi yake na hataki kurudi kwangu.

Baada ya misa padre alilibariki gari. Watu walichungulia vitambaa, wakasifu. Wifi Getruda akachungulia pia.

"Wifi, mikanda iko wapi?"

Nikamwonyesha ua. Akaenda kwenye gari lake, akarudi na mkasi na kiti cha mtoto, kile cha mwanawe Abel kilichokuwa kimelala na magunia. Akakata. Mbele ya padre! Uzi wangu, maua yangu, akaivuta mikanda nje kama anatoa utumbo wa kuku. Akakifunga kile kiti nyuma, akamfunga Coleta ndani, akavuta, akavuta tena, kisha akambusu kwenye paji la uso. Macho yake yalikuwa na maji. Sijui ya nini, aliyekatiwa vitambaa ni mimi.

Tukaondoka. Nestory akasema mama Coleta, vaa mkanda. Nikasema ndiyo baba. Nikaushika tu kwa mkono, maana kitenge nilikipiga pasi asubuhi.

Kwenye kona ya katikati ya mteremko, ng'ombe. Kundi zima. Nestory akakanyaga. Mimi nikaenda kusalimiana na kioo. Coleta? Alisogea kidogo tu, akainama, kama anasinzia. Kweli alikuwa anasinzia. Nestory alishika usukani, akasema asante dada.

Asante dada! Nimeshindana wiki nzima, mume anashukuru mkasi.

Nina nundu kama yai la kanga. Mama ananikanda na maji ya moto, anauliza nimegonga wapi. Nimemwambia mama, hilo si kitu, mtazame mjukuu wako, hana hata alama. Nyota tano zimefanya kazi.

Nimemwomba uzi mweupe. Tukirudi nitaziba yale matundu ya mkasi.