Ruhogo na Kanuni ya Picha

Jumatatu, 9 Juni
Kikao cha wafugaji, Kihanga. Tunatafuta fahali mmoja wa mbegu kwa kikundi kizima. Lazima awe Ruhogo wangu. La sivyo ndama wote watafanana na fahali wa Melkiory, ambaye naye anafanana na Melkiory.

Anwar wa duka la dawa za mifugo ndiye mtunza tovuti yetu, ambako kila mwenye fahali ataweka picha yake. Kasema picha isiyo na maelezo itaondolewa. Ndiyo kanuni, ili simu imsomee asiyeona. Nikabisha: picha inajieleza, ndiyo maana ikaitwa picha. Mama Auleria, mwenyekiti wetu, ambaye haoni tangu ujana, akauliza polepole: inajieleza kwa nani, Mzee Muhangi?

Nikaomba tuendelee na ajenda nyingine.

Jumatano, 11 Juni
Nimetii. Nimeandika: "Ng'ombe." Auleria kanipigia. Kashukuru sana, maana alihofia wafugaji tumemletea samaki.

Halafu nikawaza. Mwamuzi ni yeye, na ataona kile tu nitakachomwambia! Nimeandika upya. Fahali mwekundu, kifua kama mlango wa kanisa, pembe mbili ndefu zilizolingana. (Ya kushoto ilivunjika akipigana. Hilo ni jambo la kifamilia.) Nafasi ikabaki, nikaongeza: pembeni amesimama mwenye fahali, mtanashati, meno kamili.

Jumamosi, 14 Juni
Kikao cha uamuzi. Auleria kafungulia simu sauti ya juu. Wakati huohuo Anwar kamulika picha ukutani. Wenye macho nilikuwa nimewasahau kabisa.

Simu iliposoma "pembe mbili", watu wote wakatazama ukuta. Iliposoma "meno kamili", wakanitazama mimi. Nikafumba mdomo. Auleria akauliza kinachochekesha ni nini. Melkiory akamweleza, tena kwa kirefu, mara mbili.

Mama wa watu hakukasirika. Kasema pembe iliyovunjika ndama hawairithi. Ningesema kweli, angemchukua Ruhogo. Sasa kamchukua wa Melkiory, aliyeandikwa: mfupi, mpole, sikio limechanika.

Jumapili, 15 Juni
Nimetafakari ibada nzima, mahubiri sikuyasikia. Kosa nimeliona. Maneno yangu yalikuwa mazuri, kilichoniponza ni picha. Nimeshamwambia Anwar hoja yangu ya kikao kijacho: picha zote ziondolewe, yabaki maelezo tu. Haki sawa kwa wote. Wenye macho nao wasomewe.