Vita vya Ilaitia na Kidole Chake cha Gumba

Tegeni masikio, enyi mlioketi mkekani na nyinyi mnaochungulia dirishani, wanyamazisheni watoto, niwasimulie habari za Ilaitia wa Nasolo, mwenye sauti ivukayo mto bila mtumbwi, na siku aliyomeza kidonge kimoja. Kimoja tu, nasema, hali wengine wangebugia kiganja kizima. Ewe ulimi wangu, usipunguze neno. Kuongeza utaongeza mwenyewe, nakujua.

Alfajiri ya siku ile jongo lilikishukia kidole gumba cha mguu wake wa kulia, likapiga kambi, likasimika bendera. Kidole kikavimba, kikawa chekundu, hata shuka ikikigusa shujaa akimwita marehemu mamake. Na siku yenyewe ndiyo ya kumposea mwanawe Maika! Alasiri Ilaitia alipaswa kuketi mbele ya wazee wa Vunisei, kijiji cha mchumba, miguu ameikunja, jino la nyangumi, ndiyo zawadi ya posa, mikononi, anene maneno marefu. Msemaji anyooshaye mguu mbele ya wakwe amewatukana, na posa hurudi nyumbani na jino lake. Maika alikuwa barazani, anapiga pasi sulu yake, vazi la kujifunga kiunoni, iliyokwisha kunyooka zamani.

Silaha ilikuwapo. Muuguzi wa zahanati alimpa vidonge vya diklofenaki vya kutuliza maumivu, akamwonya mbele ya mkewe Losana: kimoja baada ya chakula cha asubuhi, kimoja baada ya chakula cha jioni, basi, asizidishe, wala asichanganye na dawa nyingine ya jamii hiyo, zisije zikamtoboa tumbo na kumharibu figo. Lakini mgeni wa posa asipokula kwa pupa huwavunja moyo wenyeji, na Ilaitia alikuwa ameapa kulitunza tumbo tupu hadi karamu.

Ndipo akaingia Peceli, shemeji yake na mtani wake, amekumbatia bati la biskuti lililojaa vidonge vya ukoo mzima.

"Ewe dume lililoangushwa na kidole!" akanguruma. "Nimepita nyumba kwa nyumba kwa ajili yako. Hii ibuprofeni ya shangazi Mereseini. Hizi za njano sizijui, ila zilimwinua marehemu mjomba."

"Zikampeleka wapi?" Losana akauliza kutoka jikoni.

"Meza zote, shemeji! Jeshi hupigwa kwa jeshi!"

Ilaitia alitamani, wallahi alitamani, na mkono wake ulikwisha kufika batini. Hapo akamkumbuka kakake Tomasi, aliyekuwa akizitafuna dawa hizi kama karanga, hata akatapika damu na kubebwa hospitali hajitambui. Shujaa wetu akaogopa. Lakini atakataaje? Zawadi ya ndugu haikataliwi Nasolo. Aikataaye amemkana ndugu.

Basi akajikongoja akaketi, akalivuta bati kwa mikono miwili, akapiga makofi mazito ya kupokelea, akanena:

"Naipokea, Peceli, zawadi hii, kwa niaba ya baba zangu na kwa niaba ya kidole changu. Imepokewa! Na mali yangu hutunzwa na mke wangu. Losana, chukua, zikateketezwe zahanati. Kisha niletee muhogo."

Peceli akalisindikiza bati kwa macho. "Kumbe kupokea si kumeza?"

"Nani alikwambia ni kumeza?" akasema Losana, akitua sahani ya muhogo na samaki wa tui. "Ule kweli, baba Maika. Usiichezee sahani."

Akala hadi akashiba. Akameza kidonge chake kwa bilauri nzima ya maji. Kisha vikaanza vita vyenyewe, yaani kungoja.

"Bado kinauma?" Peceli akauliza.

"Kinauma."

"Basi ongeza, mwanamume! Utafukuzwa ukweni kama mbuzi."

Neno hilo lilimchoma Ilaitia, kwa kuwa alimwona mwanawe mlangoni, pasi mkononi, amesikia yote. "Cha pili ni cha jioni," akajibu, akauma meno.

Alasiri kidole kilikuwa kingali kinanung'unika, ila hakipigi kelele. Ilaitia akaikunja miguu mbele ya wazee, akanena mpaka nzi wakasinzia, na jino likapokewa. Maika akalia hadharani, wala hakujificha.

Karamuni Peceli hakugusa nyama. Alijishika tumbo, jasho likimtoka.

"Nilizionja kidogo kabla sijakuletea," akanong'ona. "Mgongo uliniuma. Ibuprofeni, na zile za njano."

"Ulikula nini kwanza?"

"Tumbo nililitunzia karamu."

"Peceli!" Losana akapaza sauti hata ukumbi mzima ukageuka. "Choo chako ni cheusi, kama cha mwenye kuvuja damu tumboni?"

"Si cheusi, dada! Uliza polepole!"

Ilaitia akaiacha nyama yake, akamshika shemeji bega, wakachechemea pamoja hadi zahanati. Muuguzi akamtibu Peceli na kumkemea kwa kipimo kimoja.

Tangu hapo wazee wa Vunisei wakihesabu miaka husema: mwaka wa kimbunga, mwaka wa daraja, na mwaka Ilaitia alipomeza kimoja. Anayeisimulia zaidi ni Peceli, na kwake kidonge hicho siku hizi kina ukubwa wa nazi.