Ukuta wa Chumba cha Ukarimu Uongezwe Urefu

Nakivale,
Jumapili, baada ya ibada

Kwa Mheshimiwa Profesa,
Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Umma cha Bonde la Rwizi,
Mbarara.

Mheshimiwa Profesa,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa vizuri, maana ninayokuandikia yanahusu kukaa. Mimi ni Goretti, Mkongomani, mkulima wa maharagwe hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, mama yake Gisèle wa mwaka wa pili wa uuguzi. Unamjua: ndiye anayesikiliza masomo yako akiwa amesimama kwenye korido. Yeye na mwenzake wa Burundi, Venuste, wamekishtaki chuo kwa kuwatenga wanafunzi wakimbizi katika chumba cha kando ya darasa, na kesi itaendelea kusikilizwa Jumatano. Nacho chuo kimemjulisha kwamba asiyekaa katika chumba hicho hahesabiwi kuwa amehudhuria, na asiyehudhuria hatafanya mtihani. Mtihani ni mwezi huu.

Mama mwingine angekuomba uufute utengano huo. Mimi nalalamika kwamba umeufanya kivivu.

Nimesoma juu ya chuo kimoja cha umma huko Oklahoma, Marekani, ambacho mahakama ilikilazimisha kumpokea mwanafunzi mweusi, mwalimu mwenye umri mkubwa. Kikampokea, kikamkalisha chumba cha pembeni asikilize mhadhara kupitia mlangoni. Maktabani akapewa meza yake peke yake, mahali pa kula meza yake na saa yake. Baadaye walimwingiza darasani, wakamzungushia kizuizi chenye maandishi. Mwaka 1950 mahakama yao kuu ikawaharibia kazi yote, lakini hakuna anayeweza kusema watu wale hawakujitahidi. Sasa linganisha na kwenu.

Kwanza nimpongeze wakili wenu. Alimwambia jaji kwamba huu hauwezi kuwa ubaguzi wa rangi kwa sababu pande zote mbili ni weusi. Ni kweli kabisa. Rangi nyingine tulizokuwa nazo tulizimalizia kwenye vitenge. Pia chumba chenyewe mmekiita Chumba cha Ukarimu, na nakiri kwamba viti vilivyovunjika, vilivyokuwa vikiishi humo zamani, vilikuwa havijawahi kukaribishwa kwa jina zuri namna hiyo.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Uchambuzi. Mmemweka mlangoni askari aitwaye Rwakabuba, mtu mwema, na mmemwambia atenganishe wakimbizi na wenyeji. Lakini hamkumwambia atawajuaje. Kwa kuwa ni mtu wa Ankole mwenye heshima zake, ameamua kumsalimu kila mwanafunzi, "Agandi," na anayejibu vizuri, "Nimarungi," anapita darasani. Watoto wetu wamezaliwa Nakivale. Wamechunga ng'ombe wa watu na kugombana visimani kwa Kinyankore tangu wakiwa na meno ya utoto. Wanamjibu hadi na habari za mifugo yake. Anayeshindwa ni kijana aliyetoka Kampala na viatu vyeupe. Rwakabuba anamwambia, "Wewe hapana jua salamu. Wewe mukimbizi. Kwenda ile chumba ingine." Kijana anatoa kitambulisho cha taifa. Rwakabuba anakitazama, anakirudisha: "Karatasi iko mzuri. Lakini salamu hapana."

Matokeo yake, Profesa, ni kwamba Chumba cha Ukarimu siku hizi kimejaa raia wa Uganda, na Venuste, ambaye ameshtaki kwa sababu ya kutengwa, hukalishwa safu ya mbele kila siku kwa nguvu ya salamu. Anaona aibu mbele ya mahakama. Gisèle peke yake ndiye aliyekataa kusalimiwa kwa mtihani. Alimwambia Rwakabuba, "Papa, mimi niko mukimbizi, na ninaingia fasi ile yenye mwalimu iko." Mkweli pekee katika darasa zima ndiye mmemwacha kwenye korido.

2. Ukuta. Ukuta kati ya darasa na chumba hicho haufiki darini. Mhadhara unapita juu. Mwalimu akisema damu ina chembe nyekundu, sentensi ileile inawaangukia wenyeji na wageni bila kubagua. Naomba ukuta uongezwe, na upande wetu upewe elimu yake. Mtufundishe, kwa mfano, moyo wenye chumba kimoja na turubai.

3. Maharagwe. Hili linaniuma mimi mwenyewe. Maharagwe mnayokula hapo chuoni mnauziwa na mfanyabiashara wa Rwekubo, na yeye huyanunua kwetu. Yangu ni yale ya manjano. Nimeyapanda kwa mikono ya kikimbizi, yakapaliliwa na majirani Warundi, yakakaushwa juu ya turubai la msaada. Kisha yanapikwa katika sufuria moja na kuingia katika matumbo ya raia bila kuulizwa salamu. Najua wewe huyapenda. Gisèle amekuona ukirudia sahani.

4. Hospitali. Mwezi uliopita wanafunzi walipelekwa kufanya mazoezi wodini. Gisèle alimpima presha mzee wa Kamukuzi, akamgeuza, akambadilishia shuka, na mzee akapata usingizi. Hakuna aliyemwamsha kumwambia kwamba amepata usingizi wa kikimbizi. Siku iliyofuata alisaidia kumpokea mtoto mchanga. Yeye ndiye aliyemshika wa kwanza duniani, kabla ya mama, kabla ya Serikali. Naomba mtoto huyo atafutwe achunguzwe, kwa sababu kama ukimbizi unaambukiza kwa kukaa benchi moja, basi kwa kushikwa miguu kichwa chini hali yake ni mbaya.

5. Sasa ndani ya Chumba cha Ukarimu chenyewe. Siku zile Rwakabuba alipokuwa bado hajagundua njia yake, Wakongomani na Warundi walikalishwa benchi moja. Je, huo ni utaratibu? Warundi wengi ni Wakatoliki, wanasali wamekaa kimya. Sisi wa Kivu ya Kusini tunasali hadi bati linatikisika. Tunahitaji ukuta. Halafu wa Uvira na wa Fizi hawapiki sombe, yaani kisamvu, kwa namna moja, ukuta mwingine. Na kati ya watu wa Uvira wapo wanaonidai maelezo juu ya mpaka wa shamba, siwezi kukubali mwanangu akae na watoto wao. Tukiendelea kwa uaminifu tutafika mahali pazuri, ambapo kila mwanafunzi ana chumba chake, kiti chake, na mlango wake wa kufunga. Mtu anayekaa peke yake katika chumba hapo chuoni, nilidhani ni mmoja tu, naye ni wewe. Nilikuwa nikifikiri ni kwa sababu ya cheo. Pole sana, Profesa. Kumbe walianza na wewe.

Kwa hiyo naomba ukuta upandishwe, sufuria zigawanywe na mtoto yule apatikane, yote kabla ya Jumatano, ili jaji akute kazi ya watu wazima badala ya huu mchezo.

Msalimie mama wa nyumbani kwako, katibu wako anayepokea barua zangu kwa ncha za vidole, walimu wote wa uuguzi, na zaidi Rwakabuba, mwambie ng'ombe wangu hajambo. Hata wakili wenu namsalimia.

Nimekaa upande niliopangiwa, nikikuheshimu kutoka huku,

Goretti,
mama Gisèle.

Baada ya kuandika: Gisèle amerudi nyumbani jioni hii, ameisoma barua yote akiwa amesimama, naona sasa imekuwa mazoea. Nilingoja acheke. Akasema, "Maman, batu ba kule habachekake. Ukibaandikia hivi, kesho bataita fundi." Nikamwambia mtu yeyote ataona ni mzaha. Akaniuliza kama na chumba kile, mara ya kwanza nilipokisikia, sikudhani ni mzaha.

Nikaichukua tena kalamu. Kwa hiyo naifuta namba ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne na ya tano. Usijenge kitu. Nilimwomba aseme mwenyewe anachotaka nikiandike kama kilivyo, na ni hiki: "Ninataka kukaa na benzangu, na kufanya mtihani."

Kesho asubuhi ataingia darasani na kukaa. Mimi nitakuwa naye. Ukitaka kumtoa, njoo wewe mwenyewe, usimtume Rwakabuba.