Basi la Buluu la Kwenda Pwani

Jumatatu, 3 Juni

Nimetangaza likizo. Nilingoja saluni ijae, nikazima mashine ya kunyolea ili kila mtu asikie, nikasema mwisho wa wiki nakwenda pwani, peke yangu, kama kawaida. Treni hadi njia panda, kisha basi. Wateja wakaguna kwa wivu. Mwalimu mstaafu, aliyekuwa kitini mwangu na kichwa kimenyolewa nusu, akasema watu wengine wamezaliwa kufaidi.

Ukweli, kwa kuwa hapa hasomi mtu ila mimi: sijawahi kuiona bahari. Kila mwaka likizo yangu huishia juu ya paa la dada yangu, upande wa pili wa mji, nikiwa nimevua shati. Narudi nimeiva. Hadithi za mawimbi natunga njiani. Wateja wanazipenda na kiti changu hakipoi. Kinyozi wa kiti cha pili, tunayemwita Kimya, ananyoa vizuri kuliko mimi (hili nalo libaki hapa), lakini hadithi hana hata moja.

Jambo kubwa: Mama Saluni, bosi wetu, anafungua tawi jipya. Mmoja wetu atashika funguo za hapa. Atatamka Jumatatu ijayo. Nikirudi na hadithi nzito ya bahari, nani atamfikiria Kimya?

Kimya akauliza, bila kuinua macho kutoka kwenye shingo ya mteja, basi lenyewe lina rangi gani. Nikasema buluu. Lilinitoka tu. Jibu safi kabisa!

Jumanne, 4 Juni

Pigo! Dada kapiga simu kabla sijanywa chai. Paa halipo tena. Yaani lipo, ila shemeji amelijaza kuku. Nikasema naweza kujibana katikati yao. Dada akaniuliza, wewe mdogo wangu, huoni haya? Mtu mzima na ndevu zako, kila mwaka unajianika juu kama shuka. Kisha akauliza kwa nini nisipande hiyo treni nikaenda huko pwani kwenyewe.

Wazo hilo lilikuwa langu. Yeye kaniwahi tu kulisema. Nikamwambia nitalitafakari. Nimelitafakari hadi mchana. Nakwenda!

Jumatano, 5 Juni

Kituo cha treni. Nilidai kiti cha dirishani, upande wa kulia, kwa sababu kwenye ramani ya ukutani bahari iko kulia. Mambo haya yanataka jicho. Mkata tiketi akauliza kama ndiyo mara yangu ya kwanza. Nikamjulisha kwamba huko mimi ni mwenyeji. Akasema basi ajabu, maana nimetoka kumwuliza kama treni husimama mtu akitaka kujisaidia.

Nikachukua tiketi yangu. Watu wakishawekewa kioo mbele hujiona.

Alhamisi, 6 Juni

Hatari. Kimya kaongea. Naye ameomba likizo! Akasema hajawahi kuiona bahari tangu azaliwe, angependa mimi kaka yake nimwonyeshe njia. Alisema hivyo mbele ya wateja, bila kupepesa macho. Mtu anakiri hadharani kwamba hajui kitu! Wateja wakampigia makofi.

Nikasema mimi husafiri peke yangu kwa amri ya daktari. Niliyekuwa nikimnyoa ni daktari wa mifupa. Akageuka, akauliza daktari gani huyo. Nikakirudisha kichwa chake mbele na kumkumbusha kwamba kwenye wembe hatugeukigeuki.

Mama Saluni alikuwa anakunja taulo. Akasema anangoja kwa hamu kusikia tutakayoyaona. Kwa hiyo sasa siwezi kurudi nyuma.

Mpango: nimemwambia Kimya kwamba safari ni Jumamosi. Nimempa maelekezo kamili. Treni, njia panda, basi la buluu, asikubali jingine hata akivutwa shati. Mimi kesho nitaugua tumbo na kuondoka alfajiri. Akifika, atanikuta nimeshaizoea bahari, nampokea kama mwenyeji. Kazi safi.

Ijumaa, 7 Juni

Ndani ya treni. Dirishani, kulia, Kimya hayupo. Raha!

Raha imeingia mchanga. Katika kituo kimoja kichwa cha treni kilikatwa, kikazungushwa, kikafungwa mkiani, tukaondoka kinyumenyume. Kulia kukawa kushoto. Nikambembeleza bibi mmoja wa dirisha la upande wa pili tubadilishane. Akakubali kwa sharti nimpe chakula changu chote cha njiani. Nikampa. Nikakodoa macho mpaka yakauma. Mwishowe mkaguzi wa tiketi akanieleza kwamba reli hii haiioni bahari popote. Ndiyo maana watu huunganisha na basi. Bibi akasema pole mwanangu, nilitaka kukwambia, ila mdomo ulikuwa umejaa.

Njia panda. Mabasi tele, meupe na ya manjano, makondakta wote wakiita pwani, pwani, pwani. Nikayakataa. Nalijua basi la pwani, ni la buluu. Nimewaeleza watu wangapi? Kondakta mmoja alinishika mkono akaniuliza, mzee, unakwenda pwani au unakwenda rangi? Nikamcheka. Wanadhani kila abiria ni mgeni.

Alasiri likatokea. La buluu! Abiria wote wamevaa mabuti ya mpira na ovaroli. Mabaharia, bila shaka. Nikapanda kwa kujiamini na hakuna aliyeniuliza chochote.

Jioni. Nimeiona bahari. Ni kubwa sana. Ukingo wake umejengwa kwa zege, jambo ambalo sikulitarajia. Ng'ambo inaonekana, ina ng'ombe. Nadhani ni nchi nyingine. Mawimbi hakuna, huenda yamepumzika. Mabaharia wamenipa kitanda kwenye bweni lao. Watu wakarimu, ingawa nilipowauliza meli ziko wapi walitazamana.

Jumamosi, 8 Juni

Nililala hadi alasiri, nikashuka kunawa uso baharini. Mlinzi akaja mbio na rungu, akitaka kujua kwa nini naweka sabuni kwenye maji ya kunywa ya watu. Nikamwuliza ni watu gani hao wanaokunywa bahari. Akacheka mpaka akaketi chini.

Ni bwawa. Basi la buluu ni la mafundi wa idara ya maji. Bahari iko upande mwingine kabisa, na mabasi yote niliyoyakataa jana yalikuwa yanakwenda huko.

Mwingine angechanganyikiwa. Mimi nikapanga papo hapo: narudi njia panda, napanda jeupe, naiona bahari kabla jua halijazama. Mpango mzuri, na ungefaulu kama basi la buluu lisingesimama dakika ileile na Kimya akashuka, begi mgongoni, katikati ya mabuti. Aliyafuata maelekezo yangu neno kwa neno. Huyo ndiye Kimya.

Nikimwambia ukweli, Jumatatu ataujua Mama Saluni, na funguo kwaheri. Nikatandaza mikono. Karibu baharini, nikamwambia.

Akaweka begi chini. Akasema kumbe ni kubwa hivi. Akavua viatu, akaingia hadi magotini, akachota, akaonja. Akasema kaka, mbona haina chumvi? Nikamwambia chumvi hupanda jioni. Mlinzi akageukia ukuta, mabega yakimcheza.

Kimya alinipiga picha kwa simu yake, nimesimama majini hadi kiunoni, mkono juu. Nimetoka vizuri.

Jumatatu, 10 Juni

Saluni imejaa. Nilianza kabla Kimya hajaingia. Mawimbi marefu kuliko mlango! Chumvi mpaka macho yakawaka! Mwalimu mstaafu alisahau kukohoa. Nilikuwa kwenye kilele cha uwezo wangu.

Kimya akaingia. Mama Saluni akamwuliza yeye ameionaje. Akasema ni kubwa, imetulia. Na chumvi je? Hata kidogo, akasema. Kaka aliniambia hupanda jioni, lakini jioni tulipitiwa na usingizi. Akatoa simu awaonyeshe picha.

Mama Saluni aliitazama kwa utulivu. Akauliza ng'ombe walio nyuma yangu wanafanya nini. Nikasema wanakunywa. Akauliza, wanakunywa chumvi? Nikasema wa kule wameizoea. Daktari wa mifupa alicheka mpaka povu la kunyolea likaruka.

Ndipo Mama Saluni akasema yeye alizaliwa pwani, nyumba ya tatu kutoka mchangani. Miaka yote hii! Mbona hajasema? Akasema sijawahi kumwuliza, nilikuwa naongea. Hadithi zangu aliziacha ziendelee kwa sababu mteja akicheka anarudi. Lakini funguo ni kitu kingine. Anampa mtu ambaye umeme ukikatika, akiulizwa, atasema umekatika.

Akaziweka kwenye kiganja cha Kimya. Watu wakashangilia. Mwalimu mstaafu naye, na kichwa chake nimekinyoa miaka yote!

Kimya alinijia baadaye nikifagia nywele. Hakuwa na hasira. Akasema, kwa hiyo kaka, bado sijaiona. Nusura nimwambie hata mimi. Nikajizuia kwa wakati.

Jumanne, 11 Juni

Kimya kafungua saluni. Amechelewa kidogo kuliko ambavyo ningefungua mimi.

Nimechunguza safari yote bila upendeleo. Kosa ni moja tu: ng'ombe. Picha isiyo na ng'ombe, na leo funguo ziko mfukoni mwangu.

Mama Saluni anampeleka Kimya pwani mwezi ujao, awaone na wazee wa Mama. Wakaniambia twende wote, gari lina nafasi. Nikawashukuru. Nikasema nimekwenda huko mara nyingi mno, hakuna jipya.

Mchana akaja mteja mgeni, mpole, hajui habari za watu. Akakaa kitini mwangu, akauliza kama na mimi huwa nasafiri. Kimya akazima mashine yake. Nikasema kila mwaka napanda mlima, peke yangu, hadi kileleni. Akauliza kule juu kukoje.

Joto kali, nikamwambia. Unakuwa karibu na jua.